Kichujio Nilichokichagua kwa Safari ya Kithyoko

Tangu nirudi nyumbani, kila mmoja wenu aliyenikuta amenitaka nieleze kwa nini safari ambayo kwa kawaida humalizika kabla ya chakula cha mchana ilinichukua siku mbili, na kwa nini gari langu lilirudi na kichujio cha hewa kisicho kile nilichoondoka nacho. Nimewajibu kipande kipande, na sasa nasikia vipande hivyo vimeanza kupingana. Nimeona heri niandike mara moja, kwa kufuata njia yenyewe, mji baada ya mji.

Kwanza mjue kilichokuwa hatarini. Kaka yangu Ndolo, mzaliwa wa kwanza, analima Kithyoko katika shamba la wazazi wetu. Dada yetu Syombua, anayemfuata, anaishi Mlolongo, ambako kwa miaka mingi aliwapikia wachimbaji wa mawe. Mimi ni kitinda mimba. Miaka tisa iliyopita, mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyempeleka dada mazishini. Gari nililokuwa nalo wakati huo lilichemka njiani kwa sababu ya mpira wa maji uliopasuka. Nilikuwa nimejua kwa wiki tatu kwamba mpira ule umechoka, ila nilikuwa bado nalinganisha aina mbili za mpira mpya. Na jambo hilo sikumwambia mtu. Tulipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Ndolo hakungoja. Alisema mchungaji alikuwa na mazishi mengine. Dada alisimama kando ya udongo ule mbichi kwa muda, kisha akaomba nafasi katika gari la mgeni mmoja akarudi zake, na tangu siku hiyo hakulikanyaga tena boma lile.

Mwaka huu mwana wa Ndolo alipata binti wa tatu. Kwetu, wasichana wawili wa kwanza huchukua majina ya bibi zao, na wa tatu huweza kupewa jina la shangazi wa baba yake. Mtoto akaitwa Syombua. Nyumbani kwetu desturi ni kwamba mwenye jina, akiwa hai, aje ambebe mtoto mbele ya watu, amfunike kwa zawadi yake, ndipo jina litulie. Siku ikatajwa: Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndolo hakumpigia dada simu; alinipigia mimi. Dada naye alinijibu mimi.

"Nitaenda," alisema. "Lakini nikichelewa tena na wasiningoje, hapo kumeisha. Hata nikifa, maiti yangu isipitishwe hapo."

Machakos hadi Kyumbi

Niliamua kumchukua dada Ijumaa, alale kwangu mjini Machakos, tuondoke pamoja alfajiri ya Jumamosi. Asubuhi ya Ijumaa nilimpelekea gari fundi wangu Wambua, kwa kuwa lilikuwa limeanza kupungukiwa nguvu kwenye miinuko. Alifungua kisanduku cha kichujio cha hewa, akatoa kile cha karatasi kilichokuwamo, akakigonga kwenye tairi. Vumbi lilidondoka chini kama unga wa mtama.

"Mwalimu, hii filta imekufa," alisema. "Lakini naweza kuipulizia upepo, uende nayo."

Huu ndio mtindo wa mafundi wetu wengi. Hulenga mpira wa upepo wa magurudumu kwenye karatasi ile, vumbi likaruka, mwenye gari akashukuru. Asichokiona ni kwamba upepo wa nguvu hupasua karatasi matundu madogo yasiyoonekana, na kupitia matundu hayo mchanga huingia ndani ya injini bila kuzuiwa na kitu. Nilikataa.

"Basi pitia Kyumbi kwa Abdi ununue mpya," Wambua akasema, akifuta mikono. "Lakini usikae huko ukisoma."

Abdi anauza vipuri Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara ya Mombasa. Wazee wake walikuwa wafanyabiashara wa mifugo. Yeye alichagua vyuma. Aliweka vichujio viwili juu ya meza ya duka. Cha kwanza kilikuwa cha kawaida: karatasi ya manjano iliyokunjwa mikunjo myembamba, pembeni imezungushiwa mpira laini. Hutumika kikiwa kikavu, kikijaa hutupwa. Cha pili kilikuwa cha kuosha: pamba ya rangi nyekundu iliyobanwa katikati ya nyavu mbili za waya, ikalowekwa mafuta maalumu yanayonasa vumbi. Hicho, kwa maelezo ya kasha lake, huweza kudumu muda wote wa uhai wa gari, mradi kioshwe kwa sabuni yake, kikauke chenyewe kivulini, kisha kipakwe mafuta yake upya.

Nilivitazama kwa muda ambao Abdi alisema baadaye ulikuwa saa moja na nusu. Niliinua kimoja kwenye mwanga, nikainua kingine. Nilisoma karatasi ya maelezo pande zote mbili. Dereva mmoja wa lori aliyeingia kununua balbu alisema yeye ni mtu wa karatasi. Mama aliyekuwa akiuza matikiti nje akauliza kupitia mlangoni kama nachagua mchumba, maana hajawahi kuona mtu akichagua kipuri kwa makini kiasi kile.

"Mwalimu," Abdi akasema, akinimiminia chai ya tangawizi ya tatu, "hii ya kuosha ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini inataka mtu ako na wakati. Wewe uko na wakati?"

"Nimestaafu," nikamjibu.

"Na hiyo safari ni lini?"

"Kesho."

"Basi huna wakati. Chukua karatasi, uende, urudi salama. Hii nyekundu utakuja kuichukua mwezi ujao."

Nilimpinga kwa hoja. Kitu kinachonunuliwa mara moja kikatunzwa ni bora kuliko kinachonunuliwa na kutupwa kila mara. Mwenye kutunza hujifunza kukijua chombo chake. Na taka hupungua. Hoja ilikuwa timilifu, na kama hoja nyingi timilifu, haikujali ni siku gani inasemwa. Nikakichukua chekundu, pamoja na chupa mbili ndogo, ya sabuni na ya mafuta. Abdi mwenyewe alinifungia kichujio mahali pake, kwa maana kilitoka kiwandani kikiwa kimekwisha kupakwa.

"Mafuta yake ni kidogo," alinionya nikiwasha gari. "Kidogo sana."

Nilimwuliza matone mangapi. Alicheka akaniambia hajawahi kuyahesabu.

Kyumbi hadi Mlolongo

Barabara ya Mombasa mnaijua, sina la kuongeza ila kwamba malori yalikuwa mengi. Dada anakaa orofa ya pili ya jengo la kupangisha lililo upande wa machimbo, na madirisha yake huyafunga mwaka mzima. Alikuwa ameniandalia isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, yakakaangwa kwa vitunguu mpaka yakawa na ukoko mtamu upande mmoja. Nilikula sahani mbili.

Kiondo cha zawadi kilikuwa tayari juu ya kiti. Alikuwa amekisuka mwenyewe, na ndani mlikuwa na blanketi jepesi la mtoto, shanga, kibuyu kidogo na nguo mbili. Nilipokwenda kunawa, alishuka kukipeleka garini pamoja na begi lake, na huko akaziona zile chupa mbili kwenye kiti cha mbele. Nilipofika nilimkuta ameifungua ya mafuta, ananusa.

"Hii nayo ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya kichujio."

"Mimi nilidhani umemnunulia mtoto mafuta ya kujipaka. Nimeshaiweka kwenye kiondo, nikaitoa. Nikasema, huyu mwana wa mwaitu amesoma mpaka amesahau mtoto hapakwi kitu chekundu kama grisi."

"Mwana wa mwaitu", mtoto wa mama yangu, ndivyo anavyoniita akiwa na furaha. Nilimweleza tofauti ya vichujio viwili, na kwa nini nilikichagua cha kuosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Kule mawe," akasema, "kulikuwa na wanaume wa kufunga kitambaa puani na wengine wa kuvaa zile barakoa za karatasi. Wa karatasi walitupa jioni, kesho wakachukua mpya. Wa kitambaa walikuwa aina mbili. Kuna waliofua kila jioni, na kuna waliosema watafua kesho. Wale wa kesho ndio walikohoa sana."

"Mimi nitakifua kila inapopasa," nikamwambia.

"Hapo sina wasiwasi. Wewe shida yako si kusahau."

Jirani yake wa orofa ya chini, mwanamke kijana aliyekuwa akianika nguo, alitusalimu huku akilitazama gari. "Niaje, mzee. Hii ndai ni yako? Itatoboa mpaka Kithyoko kweli?"

"Itatoboa," dada akamjibu kwa niaba yangu, kwa sauti isiyo na hakika.

Mlolongo hadi Machakos

Tulikwama karibu na mizani ya malori kwa muda wa saa nzima na zaidi. Lori moja la kokoto lilikuwa limeharibika katikati ya njia, na lililokuwa mbele yetu lilimwaga ungaunga wa mawe kila lilipotikisika. Tulifika Machakos saa kumi na moja kasoro. Nilipofungua boneti nikaona kile chekundu kimeingia weupe juu, kama mkate ulionyunyiziwa unga.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nadhani ni letu sisi watu wa hapa. Hakuna mtu wa Machakos anayekwenda kwenye sherehe na gari chafu. Tutaacha kula, lakini gari litaoshwa. Nililipeleka gari likaoshwa, likasuguliwa magurudumu, viti vikatandikwa shuka. Na kwa kuwa nilikuwa na sabuni maalumu, nikaona ni aibu gari zima ling'ae na pua yake ibaki na vumbi. Ukweli ni kwamba weupe ule haukuwa kitu. Kichujio cha namna ile huweza kubeba vumbi la safari nyingi kabla ya kudai maji, na karatasi ya maelezo ilisema hivyo katika mstari niliousoma mara mbili. Nikakiosha, nikakitundika barazani.

Usiku ulikuwa wa mawingu na baridi ya milimani. Saa kumi na mbili asubuhi nilipokigusa, kilikuwa na unyevu. Kukikausha kwa moto ni mwiko, kukipuliza ni mwiko. Nikaketi kukingoja. Dada alikuwa amekwisha kuingia garini, kiondo mapajani, mtandio kichwani. Saa moja na nusu akaniita.

"Kimekauka?"

"Karibu."

Saa mbili kilikuwa kikavu. Maelezo yalisema mafuta yafike kila mkunjo. Nami nilichukua chupa nikapaka kila mkunjo, mmoja baada ya mwingine, upande wa juu; kisha, kwa kuhofia kwamba hayakupenya, nikakigeuza nikapaka kila mkunjo upande wa chini. Dada aliteremsha kioo cha dirisha.

"Unakisuka nywele?" akauliza.

Machakos hadi Tala

Tuliondoka saa mbili na dakika ishirini. Nilikadiria kwamba kwa mwendo wa wastani tungefika saa nne na nusu, na nusu saa katika sherehe za kwetu si kuchelewa. Nilimwambia dada hivyo.

Mwanzo wa njia ulikuwa mwema. Kupanda kuelekea Kangundo gari lilivuta vizuri kuliko lilivyovuta mwaka mzima, na nikaanza kuona kwamba hoja niliyomtolea Abdi ilikuwa sahihi. Dada alilegea kidogo. Alinionyesha migomba, akanikumbusha mwalimu wetu wa shule ya msingi aliyekuwa akitembea na kiti chake mwenyewe. Tulinunua ndizi mbivu. Alinimenyea moja akaniwekea mkononi, kama tulivyokuwa watoto.

Tulipoingia Tala, taa ya manjano ya injini iliwaka mbele yangu. Injini ikaanza kusita, kama mtu anayeanza sentensi akasahau mwisho wake.

Tala hadi Matuu

Mbele ya Tala sehemu ya barabara ilikuwa ikitengenezwa, tukaelekezwa kwenye mchepuko wa udongo mwekundu. Gari lilikohoa, likaruka, likazima. Niliwasha likawaka, baada ya mita mia likazima tena. Dereva mmoja wa lori la mchanga alisimama, akasikiliza injini akiwa kwenye kiti chake cha juu.

"Mzee, hiyo gari inakosa hewa ama inapata mbaya," alisema. "Enda na gia ya pili, polepole, usizime, mpaka Matuu. Kuna fundi anaitwa Mwikali, karibu na soko. Ni mwanamke. Usishtuke, yeye ni moto."

Tukaenda kwa gia ya pili. Tulipoibuka kwenye barabara ya Garissa, waendesha pikipiki walitupita wakitugeukia. Saa nne ilitimia tungali mbali na Matuu. Dada alitazama saa yake ya mkononi, akaifunika kwa mtandio.

"Nimpigie Ndolo nimwambie tuko njiani," nikasema.

"Usimpigie."

"Atajuaje basi?"

"Siku ya mama ulimpigia mara tatu. Nilikuwa nimeketi hapa hapa nikikusikia. Uliambia yeye tuko karibu, na hakungoja." Tukapita daraja dogo. "Leo hatapigiwa. Akiningoja, aningoje bila kuombwa. Nipe hiyo simu."

Nikampa. Aliitia ndani ya kiondo, chini ya blanketi la mtoto.

Matuu

Mwikali alikuwa mwanamke wa makamo mwenye bwelasuti ya buluu na hereni ndogo. Hakuniuliza gari lina nini. Alifungua kisanduku, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa chekundu mpaka kwenye kiungo cha pili.

"Ni nani amekaanga hii filta?" akauliza.

"Profesa," dada akamjibu kutoka kivulini.

Mwikali alinieleza kwa upole unaostahili kupewa mwanafunzi mwenye bidii mbaya. Nyuma ya kichujio, kwenye bomba la hewa, kuna sensa yenye waya mwembamba kama unywele, inayoipimia injini hewa inayoingia. Mafuta yakizidi, hunyonywa na upepo yakaenda kukaa juu ya waya ule. Sensa ikipakwa mafuta hudanganya; injini nayo huamini uongo na kupewa petroli isiyolingana na hewa. "Filta yako haina makosa," alisema. "Iko sawa kabisa. Umeipenda sana, ndiyo shida."

Angeisafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kichujio, hata hivyo, hakingeweza kurudi: kilihitaji kuoshwa na kukauka upya, nusu siku nzima. Akampigia mwendesha pikipiki mmoja aniletee cha karatasi kutoka duka la upande wa pili wa mji. Mtu yule alirudi baada ya nusu saa na kichujio cha duara, ilhali kisanduku changu ni cha pembe nne. Alikuwa ameuliza filta ya gari ya mwalimu mzee, akapewa waliyodhani inamfaa.

"Hata wewe ungeona hii ni sufuria," Mwikali akamwambia.

"Mimi nimetumwa filta, nimeleta filta," mtu yule akajibu, akageuza pikipiki.

Tukala muthokoi kwenye kibanda cha jirani, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi. Chakula kilikuwa kizuri. Dada alikula vijiko vitatu. Hapo, mkiniruhusu, ndipo nilipofikia uamuzi ambao wengi wenu mmenidai. Kichujio cha kuosha ni chombo cha mtu aliyetulia. Kinamfaa anayezunguka mji ule ule, mwenye baraza kavu na siku ya akiba kila kinapotaka kuoshwa, na mwenye mkono mwepesi wa mafuta. Kinalipa uvumilivu, hilo halina shaka. Cha karatasi hakidai tabia njema kwa mwenye gari. Kinadai mambo mawili tu: kisipulizwe, na kitupwe kikijaa. Kwa njia za vumbi na kwa siku yenye saa iliyotajwa, nitachukua karatasi, na cha ziada nyuma ya kiti. Kosa langu halikuwa kuchagua kibaya kati ya viwili. Nilipima vitu nikaacha kuipima safari.

Cha pembe nne kilifika saa saba na robo. Mwikali akakifunga, akawasha, injini ikanguruma bila kusita. Dada akasimama, akakung'uta sketi.

"Asante, mama," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Sasa turudi Machakos."

"Dada."

"Ni saa saba. Watu wameshakula. Mimi sitaingia hapo watu wakichokoa meno. Geuza gari."

"Susu," Mwikali akasema, kwa jina wanaloitwa bibi, "mimi kazi yangu imeisha, nyuma ama mbele itakufikisha." Akaondoka akatuacha wawili. Naamini alifanya makusudi.

Nilikuwa na hoja nyingi, na nilijua hakuna hata moja ambayo ingemgeuza. Nikamwambia nilichokificha miaka tisa.

"Ule mpira wa maji nilijua umechoka. Nilijua kwa wiki tatu kabla mama hajafa."

Alinitazama.

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Ukifanya nini?"

"Nikilinganisha."

Alikaa tena kwenye benchi. Sikujua kama atalia au atanipiga, kwa kuwa utotoni alizoea kufanya yote mawili. Mwishowe akauliza, "Na Ndolo anajua?"

"Hajui. Nilimwambia liliharibika tu. Nadhani siku zote alidhani ni wewe uliyechelewa kutoka."

"Kwa hivyo miaka tisa nimemchukia kwa makosa mawili, na lake ni moja, la kutoningoja; la kuchelewa ni lako." Alichukua kiondo chake akakitundika begani. "Endesha. Hilo moja lake nitamwuliza mwenyewe. Lako utalisema wewe, mbele yangu."

Matuu hadi Kithyoko

Sina la kusimulia juu ya lami ya sehemu ile, ila kwamba gari lilikwenda vyema. Tulipoliacha soko la Kithyoko tukaingia njia ya udongo inayoelekea upande wa Mto Tana. Vumbi lilituinukia nyuma kama ukuta, na upepo ulipobadilika likatufunika sisi wenyewe. Nilijikuta nikisikiliza injini. Ilivuta pumzi sawasawa.

Njia ya kwetu hujitenga na ile kubwa penye mti wa mgunga. Pale, kwenye kiti cheupe cha plastiki, palikuwa na mtu ameketi, koti la sherehe limekunjwa magotini, kofia usoni. Tulipokaribia alisimama. Ilikuwa saa nane na nusu.

Nilisimamisha gari. Ndolo alilisogelea dirisha la dada, si langu. Amezeeka kuliko nilivyomweka akilini. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa umri na kwa vumbi pia.

"Mmefika," akasema.

"Tumefika," dada akajibu. "Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu saa nne."

"Na watu?"

"Wako nyumbani. Hakuna amekula. Wengine wamekasirika." Alipangusa kofia kwenye goti. "Mchungaji alikuwa na harusi Masinga. Nimemwambia aende tu, sisi tunangoja mwenye jina."

Dada alitazama mbele, njia inakoelekea bomani.

"Kaka," nikasema, "siku ya mama halikuwa kosa la dada kuchelewa. Lilikuwa langu. Nilijua mpira wa maji umechoka, nikaacha."

Ndolo aliinama akanitazama kupitia dirisha la dada. "Wewe," alisema, bila ukali. Kisha akamrudia dada. "Ingawa hivyo ningengoja. Ilinipasa kungoja. Nimejua hivyo tangu jioni ile, na sikujua nianzie wapi kukwambia."

"Si ungepiga simu."

"Ungeshika?"

"Singeshika," dada akakiri.

Ndolo akakiinua kiti chake, akakiingiza nyuma ya gari pamoja na mizigo, akaketi kando yake kama abiria aliyechelewa. Tulipokuwa tukisogea alisema, "Chakula kimepoa."

"Kitapashwa," dada akasema.

Bomani watu walisimama walipotuona. Hakuna aliyepiga vigelegele mara moja. Nadhani walikuwa na njaa, na walitaka kwanza kuona sura za wawili wale. Mke wa mwana wa Ndolo alitoka na mtoto. Dada alimwomba angoje. Aliomba maji, akanawa mikono, akanawa uso, akaomba mengine akanawa tena mpaka maji yalipoanguka chini yakiwa safi. Akajikausha kwa mtandio. Akalitoa blanketi ndani ya kiondo, simu yangu ikadondoka mchangani, na hakuna aliyeiokota. Ndolo ndiye aliyempokea mtoto kwa mama yake akamleta, akitembea polepole sana kwa umri wake, na dada akaitanua mikono yake kabla hajamfikia.